Marufuku nusu ya sigara kwenye baa na migahawa: hasara anaibeba nani?

Kibatari (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Kila sheria ya sigara inapotajwa, mabishano ni yaleyale: wenye baa wanalia kuwa biashara inakufa, watu wa afya wanajibu haifi. Leo naomba tuongelee ile ya katikati, marufuku nusu. Yaani baa kubwa itenge chumba cha wavutaji na ndogo ijiamulie, au mgahawa ukatazwe na baa iachwe.

Mfano mzuri ni Hispania. Kuanzia Januari 1, 2006, sehemu iliyo chini ya mita za mraba 100 mwenyewe alikuwa anachagua: sigara ruksa au marufuku. Iliyozidi hapo, ikitaka wavutaji, iwatengee eneo lililofungwa, lenye mfumo wake wa hewa, lisizidi asilimia 30 ya ukumbi. Baa ndogo nyingi zikachagua moshi. Januari 2, 2011 serikali ikafuta mpango wote, marufuku ikawa kamili ndani ya kila baa na kila mgahawa. Waliojenga kuta za vioo wakabaki wanazitazama.

Hoja yangu ni kwamba marufuku nusu haiui sekta wala haiikuzi. Inahamisha tu fedha kutoka kwa aliyebanwa na sheria kwenda kwa aliyesamehewa. Karibuni.

Mzee wa Kaunta:
"Inahamisha tu." Hilo neno "tu" limenichoma. Mimi nimeendesha baa miaka 14. Sheria ya namna hiyo ilipokuja, ukumbi wangu ulizidi kipimo kwa hatua chache, wa jirani ulikuwa chini ya kipimo. Mimi nikajenga: aluminiamu, vioo, mlango wa kujifunga wenyewe, feni mbili za kutoa moshi, fundi umeme siku tano. Jirani alibandika karatasi mlangoni kwamba sigara ruksa, basi. Wateja wangu wa kudumu, wale wanaokaa kuanzia jioni mpaka kufunga, wakavuka barabara. Usiniambie habari za sekta. Sekta haikunisaidia kulipa mkopo.

Na hawa watu wa afya wanaojificha nyuma ya mapafu ya wahudumu nao wanyamaze. Baa si chekechea. Mhudumu asiyetaka moshi atafute kazi nyingine, kazi ziko nyingi.

Kokotoa:
Mzee, pole kwa mkopo, lakini kisa cha mtu mmoja hakitoshi kuhukumu sheria. Mwaka 1987 mji wa Beverly Hills kule Marekani ulikataza sigara migahawani. Wenye migahawa wakaja juu kwamba mauzo yameanguka asilimia 30, na baada ya miezi michache baraza la mji likalegeza kamba. Rekodi za kodi ya mauzo zilipokuja kukaguliwa, hiyo asilimia 30 haikuonekana. Na chama kilichokuwa kinapiga kelele kilianzishwa kwa msaada wa kampuni za sigara.

Mwaka 2003 watafiti, Scollo na wenzake, walipitia tafiti 97 za jambo hili. Zilizotumia kodi au ajira, zikalinganisha kabla na baada kwa utaratibu, hazikuona hasara. Zilizoona hasara, nyingi zilikuwa za kuwauliza wenye baa "unaonaje biashara?", na nyuma yake kulikuwa na fedha za kampuni za sigara.

Jicho la Tatu:
Kokotoa, unamwambia mzee kisa kimoja hakitoshi, halafu unaleta mji mmoja! Na najua kinachofuata ni New York, kwa hiyo nikusaidie. Walikataza Machi 30, 2003, mwaka mmoja baadaye jiji likatangaza kodi kutoka kwenye baa na migahawa imepanda asilimia 8.7. Sasa jiulize, imepanda kutoka wapi? Wamelinganisha na 2002, mwaka ambao jiji lilikuwa bado linaugulia mashambulizi ya Septemba 11. Mgonjwa akitoka kitandani utasema dawa ni marufuku ya sigara? Tena wamechanganya baa na migahawa kwenye kapu moja. Mgahawa unaouza chakula mchana hauna shida na sigara. Anayeumia ni baa ya usiku, na humo kapuni huwezi kumwona.

Kokotoa:
Hoja ya kuchanganya baa na migahawa naikubali, ni ya haki. Wachumi Adams na Cotti mwaka 2007 walitenganisha ajira za baa na za migahawa kule Marekani: baa zilipungukiwa wafanyakazi palipowekwa marufuku, migahawa haikutikisika kwa namna ya maana. Nimekupa bila kuombwa. Lakini ya New York umeitumia kuonyesha kwamba marufuku inaumiza, na haionyeshi hivyo hata ukiigeuza vipi.

Jicho la Tatu:
Sijasema inaonyesha. Nimesema haionyeshi unachodai. Soma kabla hujajibu.

Binti Saida:
Shikamoo Mzee wa Kaunta. Nimesoma uzi wote na bado nipo kwenye sentensi yako moja: "kazi ziko nyingi."

Nimefanya kazi baa miaka 6. Sijawahi kuweka sigara mdomoni. Nilikuwa narudi nyumbani usiku, naanika nguo nje kabla sijaingia chumbani, na bado mto wa kulalia unanuka. Nilipokuwa na ujauzito wa mtoto wangu wa kwanza nikamwomba meneja anihamishie upande wasiovuta. Akaniambia wavutaji ndio wanaokaa muda mrefu, ndio wanaoagiza sana, ndio wenye bakshishi, kwa hiyo nishukuru nimepangiwa huko. Nikabaki, maana bakshishi ndiyo ilikuwa kodi ya chumba. Hizo kazi nyingi zilikuwa wapi, Mzee? Ungenielekeza moja.

Jicho la Tatu:
Dada Saida, pole sana. Lakini hapa tunajadili uchumi, si huruma. Kazi yenye hatari hulipwa zaidi. Mchimba madini anajua hivyo, dereva wa masafa anajua hivyo. Mtu akichagua upande wenye bakshishi kubwa, amechagua.

Binti Saida:
Mshahara wa upande wa wavutaji ulikuwa sawasawa na wa upande mwingine, senti kwa senti. Bakshishi haitoki kwa mwajiri. Inatoka kwa mteja, na mteja hanilipi kwa sababu ya mapafu yangu. Ananilipa kwa sababu nimemletea kinywaji haraka na nimekumbuka jina lake. Mchimba madini anapewa kofia ngumu. Mimi nilipewa kisahani cha majivu cha kusafisha.

Mama Nasra:
Saida mwanangu, Mungu akutunze. Canada kulikuwa na mama anaitwa Heather Crowe. Alihudumu migahawani takriban miaka 40, hakuvuta sigara maisha yake, akapata saratani ya mapafu. Mwaka 2002 bodi ya fidia za kazini ya Ontario ilikubali kwamba ugonjwa ule ameupata kazini. Akazunguka nchi nzima kuongea, akafariki 2006. Naye alichagua?

Jicho la Tatu:
Kisa kimoja tena. Tumetoka kwenye mji mmoja, tumekuja kwa mtu mmoja.

Mama Nasra:
Basi chukua wengi. Scotland walikataza kabisa Machi 26, 2006. Watafiti wa Dundee walikuwa wamewapima wahudumu wa baa kabla. Waliokuwa na kikohozi, kubanwa kifua, macho kuwasha walikuwa kama 79 katika kila 100. Mwezi mmoja baadaye walibaki 53. Mwezi mmoja tu! Hawakubadilisha kazi, hawakuhama, walibadilishiwa hewa.

Mzee wa Kaunta:
Naona nimewekwa kizimbani. Sikumtukana mtu. Nilikuwa na wahudumu 5, wawili wamekaa na mimi zaidi ya miaka 10, mmoja nimemsimamia harusi yake. Ninachosema ni kwamba mwenye baa naye ni mtu. Akifunga, hao wahudumu mnaowalilia wanakwenda nyumbani bila moshi na bila mshahara.

Mama Nasra:
Mzee, ulipoandika ya mkopo wako watu walikupa pole, hakuna aliyekwambia utafute biashara nyingine, biashara ziko nyingi. Mkuki kwa nguruwe.

Mzee wa Kaunta:
Hilo limeingia. Nakubali, sentensi ile ningeiandika vingine.

Nahodha:
Samahani kuingilia. Kuna jambo mmelisahau, na ni uchumi pia. Nilisoma kwamba marufuku ya sigara kwenye baa inaongeza ajali za walevi. Watu wanaendesha mbali kufuata baa inayoruhusu, kisha wanarudi na pombe kichwani. Hasara ya maisha hamuihesabu?

Mtu Kati:
Nahodha, mlevi ni mlevi. Angegonga hata akinywa jirani na kwake. Tusitafutie sigara utakatifu.

Nahodha:
Usinifanye mjinga. Ni utafiti uliochapishwa, si porojo za kijiweni. Anayeendesha kilomita 2 na anayeendesha 20, wote wamelewa, nani ana nafasi kubwa ya kuua?

Mtu Kati:
Anayeua ni aliyeshika usukani. Ukianza kusamehe wenye usukani kwa sababu ya sheria ya majivu, kesho utasema bei ya bia ndiyo inaua.

Nahodha:
Nimesema nasamehe nani? Nionyeshe sentensi. Kaka yangu aligongwa na mlevi, leo anatembea na gongo. Mimi simtetei mlevi na simsamehi. Ninachosema ni kwamba sheria ikisukuma watu barabarani usiku, aliyeiandika alitakiwa kulifikiria hilo.

Mtu Kati:
Kwa ya kaka yako, pole sana. Naondoa maneno yangu ya awali.

Kokotoa:
Utafiti anaousema Nahodha upo. Ni haohao Adams na Cotti, safari hii 2008. Walikuta ajali za vifo zinazohusisha ulevi zimeongezeka kama asilimia 13 katika maeneo ya Marekani yaliyoweka marufuku. Lakini tazameni sababu wanayoitoa: watu wanavuka kwenda eneo jirani lisilokataza, au wanakwenda mbali kutafuta baa yenye sehemu ya nje. Kama jirani naye angekataza, safari ya kuvuka ingekuwa ya kufuata nini? Hii ni hasara ya sheria yenye mipaka mingi. Ni kilekile cha Mzee wa Kaunta na jirani yake, isipokuwa barabara ya kuvuka ni ndefu zaidi na ina magari.

Nahodha:
Hapo umenielewa kuliko nilivyojieleza.

Mtu Kati:
Wakuu, mleta mada yuko wapi? Uzi umeanzia kwenye mita za mraba, sasa tuko kwenye gongo na saratani.

Wakili Mdogo:
Turudi basi, maana mita za mraba ndizo zilizopelekwa mahakamani. Ujerumani kila jimbo lilitunga sheria yake kati ya 2007 na 2008. Mengi yalisema: sigara marufuku, lakini ukiwa na chumba cha pembeni unaweza kuwatenga wavutaji humo. Sasa zile baa za mtaani zenye chumba kimoja, mwenyewe yuko kaunta, chumba cha pembeni angekitoa wapi? Wakashtaki. Julai 30, 2008 Mahakama ya Katiba ikasema hivi kwa ufupi: serikali inayo haki ya kupiga marufuku kabisa, bila kumwachia mtu yeyote. Lakini ikiamua kulegeza, isilegeze kwa namna inayowapa wakubwa pumzi na kuwanyonga wadogo. Kwa hiyo ama katazeni kote, ama na baa ya chumba kimoja, chini ya mita za mraba 75, isiyouza chakula cha kupikwa, iachwe watu wavute humo.

Kwangu hiyo ndiyo hukumu iliyoona uchumi wa marufuku nusu vizuri kuliko wachumi wengi. Mahakama ilitambua kwamba hasara haiko kwenye kukataza. Iko kwenye kukataza huku mlango wa pili uko wazi kwa wenye nafasi.

Mzee wa Kaunta:
Wakili, kwa wenzetu wakubwa ndio walipumua. Kwangu mimi mkubwa ndiye niliyenyongwa.

Wakili Mdogo:
Ndiyo, Mzee, inategemea mstari umechorwa upande gani. Palipo na ruhusa ya chumba cha pembeni, mdogo anaumia. Palipo na msamaha wa udogo, anaumia aliyezidi kidogo. Austria walichora kwenye mita 50, Uswisi kwenye 80, Ujerumani 75, Hispania 100. Afya ya binadamu haina namba hizo. Ni mapatano ya kisiasa, na popote utakapoweka mstari kuna mtu amesimama hatua mbili ng'ambo yake na mkopo mkononi.

Jicho la Tatu:
Kifungu cha "isiyouza chakula cha kupikwa" nakichukia. Maana yake unamwambia mwenye baa afunge jiko ili aruhusiwe sigara. Umemuua mpishi ili kumwokoa mhudumu?

Kokotoa:
Hapo tuko pamoja kabisa. Uingereza nusura waingie shimo hilo. Mpango wa awali wa serikali ulikuwa kukataza kwenye pabu, yaani baa za kwao, zinazouza chakula na kuziacha zisizouza. Watu wakauliza: itakuwaje pabu zikianza kufunga majiko? Na zisizo na majiko nyingi ziko mitaa ya watu maskini, ambako uvutaji tayari ni mkubwa. Februari 14, 2006 wabunge wakaachiwa kupiga kura kwa dhamiri zao na wakachagua marufuku kamili. Ikaanza kutumika England Julai 1, 2007.

Jicho la Tatu:
Na baada ya hapo pabu zikafungwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2009 chama cha watengeneza bia kilikuwa kinahesabu zaidi ya 50 kwa wiki. Hiyo nayo utasema ni mji mmoja?

Kokotoa:
Nitasema ni 2009. Benki zimeanguka, watu wamepoteza kazi, kodi ya bia imepanda, na supamaketi zinauza bia kwa bei ambayo pabu haiwezi kuifikia. Sikatai kwamba sigara imo ndani ya hesabu. Nakataa kwamba ndiyo hesabu yote. Ireland vilevile: walikataza Machi 29, 2004, mauzo ya baa yakashuka, kila mtu akanyoosha kidole. Ukivuta grafu nyuma unaona yalikuwa yameanza kushuka kabla ya sheria.

Jicho la Tatu:
New York ikipanda, ni kwa sababu ya marufuku. England ikishuka, ni kwa sababu ya benki. Unaona unavyocheza?

Kokotoa:
Sijasema New York imepanda kwa sababu ya marufuku! Wewe ndiye uliyeileta New York hapa, ukaniwekea mdomoni, ukaijibu mwenyewe. Nenda juu ukasome.

Mtu Kati:
Nimekwenda juu. Ni kweli, Jicho la Tatu ndiye aliyeileta.

Jicho la Tatu:
Haya. Hiyo nakupa.

Kibatari (mleta mada):
Wakuu nilikuwa kazini, nimerudi nimekuta kurasa. Nimejifunza na nina la kuongeza. Afrika Kusini wana marufuku nusu ya muda mrefu: kanuni zilizoanza 2001 ziliruhusu asilimia 25 ya ukumbi iwe ya wavutaji, iwe imefungwa. Mchumi wa huko, Blecher, alichukua takwimu za VAT za migahawa kabla na baada, hakuona mapato ya migahawa yakishuka kwa sababu ya sheria. Hii inakwenda na nilichosema mwanzo, kwamba kapu zima halipungui.

Lakini Mzee amenifanya niitazame upya ile "tu". Takwimu ya kapu zima inaweza kukaa palepale huku ndani yake kuna mtu amezama na jirani yake ameibuka. Nilitazama kapu, sikutazama walio ndani. Naiondoa "tu".

Mzee wa Kaunta:
Asante, mwanangu. Hilo lilikuwa linatosha tangu mwanzo.

Wakili Mdogo:
Kuna swali la pili linalofuata hapo: fedha ya ujenzi. Austria 2009 waliwaambia wenye migahawa wakubwa watenge vyumba. Watu wakavunja kuta. 2015 bunge likapitisha marufuku kamili ianze Mei 2018, na kwa waliojenga wakawekewa motisha ya kikodi: ukijitoa kwenye moshi mapema kwa hiari yako, asilimia 30 ya thamani ya ujenzi iliyobaki vitabuni inazingatiwa. Ikaja serikali mpya, 2018 ikafuta marufuku kabla haijaanza. Wananchi karibu 900,000 wakatia saini kupinga. Serikali ile ikaanguka 2019, na Novemba 1 mwaka huohuo marufuku ikaanza kweli. Jiulize mwenye mgahawa miaka hiyo 10 alikuwa anapangaje biashara yake. Ajenge? Avunje? Asubiri?

Jicho la Tatu:
Hapa ndipo mimi nasimama, na naomba nisieleweke vibaya. Siipendi serikali ikiniamulia nivute wapi. Lakini kama lazima iamue, iamue mara moja. Kuyumba ndiko kunakogharimu. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya nusu na kamili, nachagua kamili. Nimesema.

Mtu Kati:
Jicho la Tatu amechagua kamili. Niupige picha uzi huu niutunze.

Mama Nasra:
Na ile mitambo ya hewa, Mzee, ilifanya kazi?

Mzee wa Kaunta:
Muuzaji aliniapia kwamba hewa ya chumba kile itakuwa safi kuliko ya nje. Moshi ulikuwa unatoka kila mlango unapofunguliwa, na mlango ulifunguliwa usiku kucha.

Mama Nasra:
ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa viyoyozi ya Marekani, watu ambao wangefaidika kuuza mitambo hiyo, walitamka 2005 kwamba hakuna mfumo wa hewa unaoondoa hatari ya moshi wa sigara ndani ya jengo, na dawa ni kutovuta humo. Na lile wazo la "wavutaji na wasiovuta wakae pamoja kwa feni nzuri" lina wazazi. Kampuni ya sigara ya Philip Morris walikuwa na mpango kabisa wa kuwasambazia wenye migahawa wazo hilo tangu miaka ya 1980 mwishoni. Nyaraka zao zilifunguliwa na kesi za Marekani, zinasomeka. Kwa hiyo Mzee, ule ukuta ulijengewa hoja na kampuni ya sigara, ukalipiwa na wewe.

Mzee wa Kaunta:
Hilo sikulijua. Nimelisoma mara mbili.

Kokotoa:
Italia kwenye sheria yao iliyoanza kutumika 2005 waliruhusu vyumba vya wavutaji, ila kwa masharti ya kweli: mlango wa kujifunga, hewa ya chumba ivutwe ndani isitoke, lita 30 za hewa kwa sekunde kwa kila mtu. Matokeo yake ni wachache sana waliojenga. Walipopiga hesabu waliona chumba hakilipi. Ukitaka kujua thamani halisi ya chumba cha wavutaji kwa biashara, weka masharti ya kweli, kisha hesabu wangapi wanajenga.

Jicho la Tatu:
Au sema masharti yalikusudiwa yasiwezekane.

Kokotoa:
Inawezekana. Lakini masharti yakiwa mepesi moshi unatoka, na Mzee ametuambia ulikuwa unatoka.

Binti Saida:
Mimi bado nina swali moja, na si la takwimu. Uswisi sheria yao ya Mei 2010 inasema mfanyakazi anaweza kuhudumu kwenye chumba cha wavutaji iwapo ameridhia kwa maandishi. Uholanzi walipokuwa na vyumba hivyo walikataza kabisa kuhudumia ndani, mteja afuate kinywaji mwenyewe. Ile ya Uswisi ninaisoma nikijua ningeitia saini. Ningeitia saini siku ya kwanza, hata kalamu sijaulizwa, na mtu angekuja hapa kusema "aliridhia".

Mzee wa Kaunta, kwenye chumba chako cha vioo, mhudumu alikuwa anakaa upande gani?

Mzee wa Kaunta:
Alikuwa nje. Ila kinywaji lazima kipelekwe, glasi zikusanywe, meza zifutwe, visahani vya majivu vimwagwe. Usiku wa kujaa alikuwa anaingia kila baada ya dakika 5. Ni yule niliyemsimamia harusi.

Binti Saida:
Bado mnaongea?

Mzee wa Kaunta:
Tunaongea. Kesho nitampigia nimuulize kifua.